Ada Lovelace

Augusta Ada King, Countess wa Lovelace (jina la kuzaliwa Augusta Ada Byron, London, 10 Desemba 1815 – London, 27 Novemba 1852) alikuwa mwanahisabati na mwandishi wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa maelezo aliyoyachapisha mwaka 1843 kuhusu Mashine ya Uchanganuzi, yaani kompyuta ya magurudumu ya meno iliyobuniwa na Charles Babbage lakini haikujengwa kamwe.

Ndani ya maelezo hayo mna jedwali linaloonyesha hatua kwa hatua jinsi mashine ingeweza kukokotoa namba za Bernoulli. Algoriti hiyo mara nyingi huitwa programu ya kwanza ya kompyuta. Wanahistoria hawakubaliani ni sehemu gani ya kazi hiyo ilikuwa yake na ni sehemu gani ilikuwa ya Babbage. Ada pia alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kueleza kwamba mashine ya kuhesabu inaweza kushughulikia alama za aljebra na si tarakimu tu.

Utoto

Ada alikuwa mtoto pekee wa ndoa ya mshairi George Gordon Byron, maarufu kama Lord Byron, na Anne Isabella Milbanke. Ndoa hiyo ilidumu mwaka mmoja tu. Januari 1816, Ada akiwa na umri wa wiki tano, mama yake aliondoka naye na kurudi kwa wazazi wake. Aprili mwaka huohuo Byron aliondoka Uingereza na hakurudi tena. Alifariki huko Ugiriki mwaka 1824, wakati binti yake alikuwa na umri wa miaka minane. Ada hakupata kumfahamu baba yake.

Mama yake alikuwa amesoma hisabati tangu ujana. Aliogopa kwamba mtoto angerithi tabia za baba, hivyo akasisitiza afundishwe hesabu na sayansi kuliko ushairi. Sehemu kubwa ya malezi ya kila siku ilikuwa mikononi mwa bibi yake na walimu wa nyumbani.

Afya ya Ada ilikuwa dhaifu. Mwaka 1829 aliugua surua, akapooza na kulala kitandani kwa muda mrefu, kisha akatembea kwa magongo. Kabla ya ugonjwa huo, akiwa na umri wa miaka 12, alikuwa amejaribu kubuni chombo cha kuruka angani. Alichunguza maumbile ya ndege na kupima uwiano kati ya ukubwa wa mabawa na mwili.

Elimu ya hisabati

Wakati huo vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge havikupokea wanawake. Ada alisoma kwa walimu wa nyumbani, kwa vitabu na kwa barua. Mmoja wa waliomsaidia ni Mary Somerville kutoka Uskoti, mwanamke aliyejipatia heshima kwa kuwaeleza Waingereza kazi ya Mfaransa Laplace kuhusu mwendo wa sayari.

Kuanzia mwaka 1840 alifundishwa kwa barua na Augustus De Morgan, profesa wa hisabati huko London, ambaye jina lake limebaki katika sheria za De Morgan za mantiki na seti. Barua zao zimehifadhiwa. Zinamwonyesha mwanafunzi aliyeanza na mapengo katika aljebra ya kawaida, lakini hakukubali kuvuka hatua yoyote kabla ya kuielewa.

De Morgan alimwandikia mama yake Ada kwamba binti huyo ana uwezo wa kuwa mtafiti wa hisabati wa hali ya juu, kuliko vijana wengi wa kiume waliokuwa wakiingia Cambridge. Hata hivyo alieleza wasiwasi kwamba juhudi kubwa ya akili ingeweza kuuzidi nguvu mwili wa mwanamke. Mawazo ya namna hiyo yalikuwa ya kawaida katika zama zake, hata miongoni mwa wasomi.

Ndoa na familia

Tarehe 8 Julai 1835 aliolewa na William King. Mwaka 1838 mume wake alipewa cheo cha Earl wa Lovelace, na hivyo Ada akaitwa Countess wa Lovelace. Walipata watoto watatu: Byron (1836), Anne Isabella (1837) na Ralph (1839). Alirudia masomo ya hisabati kwa bidii baada ya kuzaliwa kwa mtoto wa tatu.

Charles Babbage na mashine zake

Ada alikutana na Babbage tarehe 5 Juni 1833, akiwa na umri wa miaka 17. Siku chache baadaye alionyeshwa sehemu iliyokamilika ya Mashine ya Tofauti.

Mashine hiyo ilikusudiwa kutengeneza majedwali ya hisabati. Siku hizo mabaharia, wahandisi na wanajimu walitegemea vitabu vya majedwali, vya aina ya yale ya tarakimu nne ambayo wanafunzi wa sekondari wa Afrika Mashariki waliyatumia kwa miaka mingi kabla ya vikokotoo. Majedwali yalikokotolewa na watu, yakanakiliwa na watu na kupangwa na wapiga chapa, na kila hatua ilileta makosa. Babbage alitaka mashine ikokotoe na pia ichape yenyewe. Serikali ya Uingereza ilitumia zaidi ya pauni 17,000 kwa mradi huo kabla ya kuusimamisha mwaka 1842.

Kuanzia mwaka 1834 Babbage alishughulikia wazo kubwa zaidi, Mashine ya Uchanganuzi. Mashine ya Tofauti ilijua kujumlisha tu kwa mpangilio mmoja. Mashine mpya ingeweza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya kwa mpangilio wowote ambao mtumiaji angeutaka. Ilikuwa na sehemu mbili kuu: ghala la kuhifadhi namba, na kinu cha kuzifanyia kazi. Mgawanyo huo unafanana na ule wa kumbukumbu na kichakato katika kompyuta za leo.

Amri zilipaswa kuingizwa kwa kadi zilizotobolewa matundu. Wazo hilo Babbage alilichukua kwa wafumaji wa Ufaransa. Khanga na vitenge vinavyouzwa katika maduka ya Mtaa wa Uhuru karibu na Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, huchapwa maua juu ya kitambaa kilichokwisha kufumwa. Katika mtambo wa Joseph Marie Jacquard, ulioanza kutumika Lyon mwanzoni mwa karne ya 19, maua hufumwa ndani ya kitambaa chenyewe. Kila kadi huamua nyuzi zipi zinyanyuliwe na zipi zibaki chini kwa mstari mmoja wa ufumaji. Ukibadilisha kadi unapata ua lingine, bila kubadilisha mtambo.

Tafsiri na maelezo ya mwaka 1843

Mwaka 1840 Babbage alieleza mashine yake mbele ya wanasayansi mjini Torino. Mmoja wa wasikilizaji, mhandisi Luigi Menabrea, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa Italia, aliandika makala kwa Kifaransa iliyotolewa Geneva mwaka 1842. Ada aliitafsiri kwa Kiingereza. Babbage alipopata habari alimwuliza kwa nini hakuandika makala yake mwenyewe, kwa kuwa aliifahamu mashine vizuri. Ndipo akashauri aongeze maelezo yake.

Ada alifanya kazi hiyo kwa miezi kadhaa ya mwaka 1843, akibadilishana barua na Babbage karibu kila siku. Maelezo yalikuwa saba, yakipewa herufi A hadi G, na kwa jumla yalikuwa marefu takriban mara tatu kuliko makala yenyewe. Yalitolewa katika jarida la Taylor's Scientific Memoirs. Hakuweka jina lake kamili, bali herufi A.A.L. tu.

Katika maelezo A alitofautisha mashine mbili za Babbage. Alionya kwamba ni kosa kudhani mashine inayotoa majibu kwa tarakimu inafanya hesabu za tarakimu peke yake. Inaweza kupanga na kuunganisha viwango vyake kama vile ni herufi au alama nyingine za jumla, na ikitayarishwa ipasavyo inaweza kutoa majibu kwa lugha ya aljebra. Aliongeza kwamba kama kanuni za sauti zingeweza kuelezwa kwa namna hiyohiyo, mashine ingeweza hata kutunga muziki. Katika maelezo E alionyesha jinsi mashine ingezidisha mifululizo miwili ya kosaini na kutafuta vizidisho vya kila sehemu ya jibu. Kazi ya aina hiyo leo huitwa aljebra ya kompyuta.

Katika maelezo G alieleza pia mpaka wa mashine: haianzishi jambo lolote, bali hutenda yale tu ambayo binadamu anajua kuiamuru. Mwaka 1950 Alan Turing aliijadili hoja hiyo katika makala yake kuhusu uwezekano wa mashine kufikiri, akaipa jina la Ada.

Algoriti ya namba za Bernoulli

Namba za Bernoulli zinaitwa kwa jina la Mswisi Jakob Bernoulli, ambaye kitabu chake kilichozieleza kilitolewa mwaka 1713. Hujitokeza katika kanuni za kujumlisha vipeo. Kwa mfano, jumla ya vipeo vya pili vya namba kuanzia 1 hadi n ni n³/3 + n²/2 + n/6. Sehemu 1/6 iliyo mbele ya n ni namba ya Bernoulli.

Ada alizichagua kwa sababu hazina kanuni nyepesi ya kuzipata moja kwa moja, na kila moja hutegemea zilizotangulia. Mashine ingelazimika kutunza majibu yake yenyewe na kuyatumia tena. Alizipa majina B1, B3, B5, B7 na kuendelea. Leo hizohizo huitwa B2, B4, B6 na B8. Mlinganyo wake ni huu:

0 = −1/2 × (2n−1)/(2n+1) + B1 × 2n/2 + B3 × 2n(2n−1)(2n−2)/(2×3×4) + … + B(2n−1)

Msomaji anaweza kuujaribu kwa kalamu:

- n ikiwa 1: 0 = −1/2 × 1/3 + B1. Kwa hiyo B1 = 1/6.
- n ikiwa 2: 0 = −1/2 × 3/5 + 1/6 × 2 + B3, yaani 0 = 1/30 + B3. Kwa hiyo B3 = −1/30.
- n ikiwa 3: 0 = −1/2 × 5/7 + 1/6 × 3 − 1/30 × 5 + B5, yaani 0 = −1/42 + B5. Kwa hiyo B5 = 1/42.

Jedwali la Ada linaonyesha hatua inayofuata, yaani kutafuta B7 wakati B1, B3 na B5 zimekwisha kupatikana. Lina matendo 25. Kwa kila tendo limetajwa ni hesabu ya aina gani, namba zinatoka safu zipi za ghala, jibu linawekwa safu ipi, na safu zipi zimebadilika. Matendo ya 13 hadi 23 hurudiwa kwa kila namba ya Bernoulli inayohitajika, hivyo kadi zilezile hutumika tena na tena. Waandishi wa programu wa leo hutumia mzunguko wa namna hiyo kila siku.

Makosa na masahihisho

Katika kumbukumbu zake za mwaka 1864 Babbage aliandika kwamba mifano ya aljebra katika maelezo ilikuwa kazi ya Ada, isipokuwa ile ya namba za Bernoulli, ambayo yeye alijitolea kuifanya ili kumpunguzia taabu. Alikiri kwamba Ada aliirudisha kwake baada ya kugundua kosa kubwa alilokuwa amelifanya.

Jedwali lililochapwa nalo lina kosa. Katika tendo la 4, safu ya tano inagawanywa kwa safu ya nne, wakati ilipaswa kuwa kinyume. Safu ya nne ina 2n−1 na ya tano ina 2n+1, kwa hiyo kiasi na asili vimegeuzwa. Mashine ikifuata tendo hilo kama lilivyo, kwa n = 1 ingetoa B1 = 3/2 badala ya 1/6. Hata hivyo safu ya matokeo katika jedwali hilohilo inaonyesha (2n−1)/(2n+1), ambayo ni sahihi. Kwa kuwa Ada alichapisha kila tendo pamoja na matokeo yake, kosa linaonekana na linaweza kusahihishwa na msomaji yeyote bila kuwa na mashine.

Mgogoro wa dibaji

Agosti 1843, kazi ikiwa karibu kutoka, Babbage alitaka kuiongezea dibaji isiyo na jina ya kuilaumu serikali kwa namna ilivyomtendea. Wahariri walikataa kuichapa bila jina lake. Babbage akamtaka Ada aiondoe kazi yake katika jarida. Ada alikataa. Aliona kwamba malalamiko yangeidhuru mashine kuliko kuisaidia, na kwamba ahadi kwa wahariri lazima itimizwe.

Baada ya hapo alimwandikia Babbage barua ndefu, akijitolea kusimamia mashauriano na utafutaji wa fedha za ujenzi, kwa sharti kwamba Babbage ashughulikie ufundi tu na asiwasumbue watu wenye mamlaka. Babbage hakukubali. Walibaki marafiki hadi mwisho, lakini mashine haikujengwa.

Swali la mwandishi wa programu ya kwanza

Baadhi ya wanahistoria wanasema Ada hastahili kuitwa mwandishi wa kwanza wa programu. Hoja yao ni kwamba Babbage alikuwa ameandika mifano kadhaa ya amri za mashine kati ya miaka 1836 na 1840, na kwamba barua za Ada zinaonyesha hisabati yake ilikuwa bado changa.

Wengine hujibu kwamba mifano ya Babbage ilibaki katika karatasi zake, wakati ya Ada ilichapishwa kwa ukamilifu na ilikuwa tata zaidi. Husema pia kwamba wazo la mashine ya alama, inayopita mipaka ya hesabu, limeelezwa wazi zaidi na Ada kuliko na Babbage mwenyewe.

Miaka ya mwisho

Baada ya mwaka 1843 Ada hakuchapisha tena kazi kubwa ya hisabati. Alipanga kuchunguza ubongo kwa njia ya hisabati, lakini mpango huo haukufika mbali. Alijiingiza katika kamari ya mbio za farasi na kupata madeni ya maelfu ya pauni, hata akaweka rehani vito vya almasi vya familia.

Alifariki kwa saratani ya mfuko wa uzazi tarehe 27 Novemba 1852, akiwa na umri wa miaka 36, umri uleule aliofariki baba yake. Kwa ombi lake alizikwa kando ya baba yake katika kanisa la Mt. Maria Magdalena, Hucknall.

Urithi katika aljebra ya kompyuta

Maelezo ya Ada yalisahauliwa kwa muda mrefu. Yalichapishwa tena mwaka 1953 katika kitabu cha B. V. Bowden kuhusu kompyuta, wakati mashine za umeme zilikuwa zimeanza kufanya yale aliyoyaeleza. Mwaka huohuo zilitolewa kazi za kwanza za kufanya kalkulasi kwa alama katika kompyuta.

Siku hizi namba za Bernoulli hukokotolewa na maktaba za programu huria za hisabati kama SymPy na SageMath. Hizi hutengenezwa kwa michango ya watu wengi, na amri zake zote zinasomeka na kila mtu. Mwaka 2008 mwanahisabati David Harvey alionyesha algoriti mpya, akakokotoa namba ya Bernoulli yenye fahirisi 100,000,000. Badala ya kushughulikia namba kubwa moja kwa moja, hutafuta mabaki yake inapogawanywa kwa namba tasa nyingi, kila moja peke yake, kisha huyaunganisha. Programu yake, bernmm, aliitoa kwa leseni huria na imeingizwa katika SageMath. Humo mtumiaji anaweza kuchagua kati ya algoriti kadhaa, na hivyo kupima jibu la moja kwa jibu la nyingine.

Njia hiyo hutumia kanuni ya von Staudt na Clausen ya mwaka 1840: asili ya namba ya Bernoulli ni zao la namba tasa ambazo, zikipunguzwa 1, huigawa fahirisi bila baki. Kwa B8 namba hizo ni 2, 3 na 5, na zao lake ni 30. Namba hiyo ndiyo B7 ya jedwali la Ada, na thamani yake ni −1/30.

Kumbukumbu

- Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliita lugha yake ya programu Ada. Kiwango chake kilithibitishwa tarehe 10 Desemba 1980, siku ya kuzaliwa kwake, na kilipewa namba 1815, mwaka aliozaliwa.
- Mwaka 1991 Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London lilikamilisha sehemu ya kukokotoa ya Mashine ya Tofauti Namba 2 kwa kufuata michoro ya Babbage, nayo ilikokotoa bila kosa. Mashine ya Uchanganuzi haijajengwa hadi leo.
- Tangu mwaka 2009 huadhimishwa Siku ya Ada Lovelace, ambayo sasa huangukia Jumanne ya pili ya Oktoba, kwa heshima ya wanawake katika sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati.